Shikamoo ya Nyani

Ngo ngo ngo!

Mbona kimya? Nikigonga, mniulize nani. Tunaanza upya. Ngo ngo ngo!

“Nani huyo?”

Ngano!

“Imekuja na nini?”

Imekuja na kikapu!

“Kimejaa au kitupu?”

Kaeni mtaona!

“Ingia basi, tumeshakaa!”

Haya, hapo sawa. Siwema, vuta ungo karibu uendelee kumenya karanga, masikio hayamenyi karanga. Na wewe uliyejificha nyuma ya mlango, nakuona, njoo hapa. Najua mnanong’onezana kwamba ngano haisimuliwi mchana, kwamba anayesimulia mchana huota mkia. Mimi nina miaka sabini na tisa. Mkia ukiota nitaukalia, utakuwa mto wangu. Nje mvua, hakuna pa kwenda, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Nitawaambia mwishoni. Anayesinzia hatalisikia.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na bibi kizee wa ukoo wa kindi. Jina lake Bi Mashavu. Alikaa peke yake ndani ya kichuguu cha zamani, ambacho mchwa walikihama wakamwachia. Mlango wa kichuguu ulikuwa mmoja tu, tena mwembamba. Kindi anapita. Kindi mwenye kikapu anapita kwa kujiminya. Mwenye kifua kikubwa hapiti hata ajipake mafuta.

Macho ya Bi Mashavu yalikuwa yameingia ukungu. Aliona vivuli, basi. Lakini mikono yake ilikuwa inaona vizuri kuliko macho yenu nyote hapa. Kila msimu alichuma, akaanika, akahifadhi. Karanga, kunde, korosho. Vikapu saba, vimepangwa ukutani, na kila kimoja alikijua kwa kukigusa.

Ile ilikuwa akiba ya kiangazi. Kiangazi kikifika, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama kigae, ukoo mzima wa kindi ulikuja mlangoni kwa Bi Mashavu. Naye akawagawia kwa mkono wake mwenyewe. Wewe chako hiki, wewe chako hiki, wewe mlafi ngoja wenzako wapate. Siku hizo Bi Mashavu hakuwa kizee asiyeona. Alikuwa mwenye nyumba. Mngemwona alivyonyoosha mgongo!

Sasa, Bi Mashavu alikuwa na mjukuu, Tunu, binti wa mwanawe mkubwa. Tunu alikaa ng’ambo ya bonde kwa wazazi wake. Na nyinyi mnajua mambo ya bibi na mjukuu wa kike. Ni wake wenza hao. Mume wao mmoja, babu, awe hai au awe marehemu. Kwa hiyo Tunu akifika pale mlangoni hakuamkia. Hata kidogo. Alisimama, akashika kiuno, akapaza sauti:

“We kikongwe! Hujafa tu?”

Na Bi Mashavu akajibu kutoka ndani: “Nife nikuachie mume? Thubutu!”

“Mume gani? Si ulimuua kwa ukoko wako!”

“Muongo! Alikufa siku uliyozaliwa, alipouona uso wako!”

Hapo wanacheka mpaka machozi. Tunu anaingia, anamchana bibi yake mkia, bibi anamtafunia habari za zamani. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Nani kati yenu hajawahi kuniita mimi kikongwe? Haya, nyamazeni.

Lakini nje ya pale, Tunu alikuwa mtoto mwingine. Kisimani, mbele za watu, alipiga goti. Shikamoo shangazi. Shikamoo mjomba. Macho chini, sauti ya chini. Watu wakasema, jamani, mtoto amelelewa huyu. Likumbukeni hilo, ndilo lililomponza mwizi wetu.

Mwizi wetu alikuwa Nyani. Nyani dume, mabega huku na huku, meno kama ya msumeno, na tumbo lisilojua neno “inatosha.” Alikuwa ameijua akiba ya Bi Mashavu kwa harufu. Siku ya kwanza alitumia nguvu. Akatia mkono kwenye kile kitundu, akausukuma mpaka begani, akapapasa, kwaru, kwaru, kwaru. Akatoa vumbi. Njia ya kichuguu ina kona, na mkono wa Nyani hauna kona ya pale.

Nyani akakaa chini akafikiri. Akasema, “Nguvu zimeshindwa. Nitatumia ulimi.”

Akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na kisima, akajifanya anatoa chawa. Kutoa chawa, kusikiliza. Kutoa chawa, kusikiliza. Siku tatu. Watu kisimani wanaongea, si mnawajua? Akasikia kwamba Bi Mashavu haoni. Akasikia kwamba yuko peke yake, na mwanawe mkubwa hajamtembelea mwezi mzima, yuko shughulini. Akasikia kwamba kipenzi chake ni mjukuu anayeitwa Tunu. Na Tunu mwenyewe akaja kuteka maji, akapiga goti, “Shikamoo shangazi.” Nyani akaisikia ile sauti, akaimeza.

Akaenda zake akaiba mayai mawili ya kanga. Akayanywa mabichi, gudu, gudu. Koo likalainika, sauti ikawa nyembamba. Kisha akaja kando ya mlango wa kichuguu, akagonga kwa kucha moja.

Ngo ngo ngo.

“Nani huyo?” akauliza Bi Mashavu.

“Shikamoo, bibi yangu mpendwa. Ni mimi, Tunu. Hujambo bibi? Umeamka salama? Mgongo unaendeleaje?”

Bi Mashavu akashangaa kidogo. Akasema moyoni, leo mtoto huyu kapatwa na nini? Lakini kabla hajamaliza kushangaa, ile sauti ikaanza kulia. Hii! Hii! Hii!

“Bibi, nimekamatwa! Nimekanyaga mtego, mwenye mtego amenifunga miguu na mikono, amenileta mpaka hapa. Anataka kikapu kimoja cha karanga ndipo anifungue. Usitoke bibi, usichungulie, ana fimbo! Fanya haraka! Na usimwambie baba, atanipiga. Usimwambie mtu!”

Jamani. Mtu akisikia mjukuu wake analia, kichwa hakifanyi kazi tena. Moyo unakimbia mbele, kichwa kinabaki nyuma kikitafuta viatu. Bi Mashavu akashika kikapu cha karanga, akakikokota, kho, kho, kho, akakisukuma nje.

“Chukua! Mpe! Akufungue mwanangu!”

Mkono mkubwa ukakinyakua. Nyap!

“Ahsante bibi yangu mpendwa. Amenifungua mguu mmoja. Sasa tunaondoka.”

Na kimya.

Mguu mmoja! Hebu fikirieni usingizi wa Bi Mashavu. Hakula, hakunywa. Alikaa mlangoni akisikiliza upepo.

Siku ya pili yake, ngo ngo ngo.

“Nani huyo?”

“Shikamoo, bibi yangu mpendwa. Ni mimi, Tunu. Mgongo unaendeleaje? Bibi, bado nimefungwa! Umebaki mguu wa pili. Anataka kikapu cha korosho. Usitoke, usichungulie, fanya haraka, usimwambie mtu!”

Kho, kho, kho, kikapu cha korosho kikatoka nje. Nyap! Kikaondoka.

“Ahsante bibi yangu mpendwa. Sasa imebaki mikono miwili na mkia. Nitarudi baada ya siku tatu.”

Siku iliyofuata wakaja wawili. Tunu mwenyewe na baba yake, ambaye hatimaye alipata nafasi. Tunu akasimama mlangoni, akashika kiuno.

“We kikongwe! Hujafa tu?”

Mara Bi Mashavu akatoka mbio, anapapasa hewani, akamkamata Tunu, akamshika mguu huu, mguu huu, mkono huu, mkono huu, mkia.

“Wamekufungua? Wamekufungua wote? Na mkia?”

“Nani amenifungua, bibi? Nani kanifunga?”

Bi Mashavu akaeleza. Alipofika katikati alishaanza kuelewa, na kila neno lilizidi kuwa dogo. Alipomaliza, sauti yake haikusikika. Akaketi kwenye kizingiti, mikono mapajani.

Baba Tunu akawaka. “Mama! Vikapu viwili! Umempa nani? Hukuchungulia? Hukuuliza? Mtoto mdogo angejua! Basi. Keshokutwa nakuja na wadogo zangu, tunabeba vikapu vyote vilivyobaki. Tutakutunzia sisi. Wewe utaletewa chako, punje kwa punje, ule upumzike.”

Baba Tunu hakuwa mbaya. Aliogopa, na mwoga mwenye cheo hupiga kelele. Akaondoka zake kwa hasira, hakukumbuka hata kuuliza mama yake ameamkaje. Tunu akabaki.

Akakaa karibu na bibi yake. Akajaribu utani. “We mke mkubwa, umezidi kuhonga wanaume wa njiani.”

Bi Mashavu akasema, “Ahsante kwa kuja, mwanangu. Nenda kapumzike.”

Hapo Tunu akashtuka, akashtuka kweli. Bibi yake hakuwahi kumwita mwanangu kwa upole ule, akiwa mzima. Tunu akaona kwamba vikapu si kitu, karanga huota tena. Bali wakimbebea ile akiba, mikono yake itakosa kazi, na huyu bibi atakaa kwenye kizingiti akisema ahsante mpaka siku ya kuondoka duniani. Tunu akalia kwa siri, machozi yakamlowesha sharubu. Kisha akapangusa sharubu akaanza kutumia kichwa.

“Bibi,” akasema, “hebu niambie. Huyo aliyekuja, alipofika alisema nini? Neno la kwanza kabisa.”

“Alisema shikamoo, bibi yangu mpendwa.”

“Nani?”

“Wewe.”

“Mimi? Mimi nilikuamkia wewe shikamoo?”

Bi Mashavu akainua kichwa taratibu. “Shikamoo,” akarudia. “Tena akaniuliza habari za mgongo.”

“Bibi! Tangu nizaliwe, mimi nimewahi kukuuliza habari za mgongo wako?”

“Hujawahi, mbwa wewe.”

“Hukushangaa?”

“Nilishangaa. Nikasema labda umepata adabu.”

Wakatazamana. Yule haoni, lakini walitazamana. Pff, akaanza mmoja. Pff, akajibu mwingine. Kisha wakaangua kicheko mpaka udongo ukamwagika kutoka darini. Bi Mashavu akacheka, akajipiga paja, akasema, “Adabu! Wewe! Nilikuwa na wazimu!”

“Hukuwa na wazimu,” akasema Tunu. “Uliogopa. Lakini keshokutwa atarudi, na keshokutwa ndiyo siku baba anakuja kubeba akiba. Sasa mke mwenzangu, tumpokeeje mgeni wetu?”

Bi Mashavu akajikuna shavu. “Kule mtoni,” akasema, “bado kuna upupu?”

Mnaujua upupu, wale wa mjini? Ni maharage ya porini, ganda lake limejaa manyoya ya dhahabu, mazuri kuyatazama. Ukiyagusa, utajua hujui. Utajikuna leo, utajikuna kesho, utajikuna hadi kwa majirani. Tunu akaenda mtoni, akafunga mikono yake kwa majani ya mgomba, akachuma upupu. Pale nje, upande ambao upepo hauendi mlangoni, akakwangua manyoya yote ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa maganda matupu. Juu kabisa akatandaza karanga safi zinazonukia. Bibi ndiye aliyemwelekeza. “Ongeza. Ongeza. Ana mikono mikubwa huyo, ongeza.”

Keshokutwa ikafika. Tunu akajibana nyuma ya kona ya ndani, mkia wake ameutia mdomoni asicheke.

Ngo ngo ngo.

“Nani huyo?”

“Shikamoo, bibi yangu mpendwa. Ni mimi, Tunu. Mgongo unaendeleaje?”

“Marahaba,” akasema Bi Mashavu. “Mgongo wangu upo. Ungeenda wapi? Na wewe, we mwizi wa waume za watu, umeamkaje?”

Nje Nyani akajikuna kichwa. Kisimani hakusikia jambo kama hili.

“Bibi?”

“Nakuuliza, mke mwenzangu. Mume wetu marehemu alimpenda nani zaidi, mimi au wewe mwenye meno ya jembe?”

“Bibi, mimi… mimi sijaolewa, bibi. Mimi ni mtoto mdogo. Mtoto mwenye adabu.”

“Lo! Adabu!” akasema Bi Mashavu. “Kumbe una adabu! Na chakula changu alikisemaje, huyo mume?”

“Kizuri, bibi! Kitamu sana, bibi!”

Kule ndani Tunu alikaribia kuung’ata mkia wake ukatike. Bi Mashavu mwenyewe alikuwa amebanwa na kicheko, lakini akajikaza.

“Basi mwanangu mwenye adabu, leo wanataka nini?”

Nyani akarudi kwenye njia aliyoizoea. “Bibi, imebaki mikono miwili na mkia! Mwenye mtego amechoka, anataka tumalize yote kwa mara moja. Toa kikapu kikubwa kuliko vyote!”

Kho, kho, kho, kho. Kikapu kikatoka, harufu ya karanga imekitangulia.

“Chukua,” akasema Bi Mashavu. “Lakini nisikilize. Fanya haraka. Usichungulie ndani yake. Na usimwambie mtu.”

Nyap! Nyani akakinyakua, akakimbia nacho nyuma ya jiwe, mbali na wenzake asije akawagawia. Na akili ya mlafi mnaijua, akiambiwa usichungulie, atachungulia kwa macho na mikono. Akatia mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko. Akatia wa pili. Akatia na uso apate kunusa vizuri.

Moja. Mbili. Tatu.

Kwaru.

Kwaru kwaru.

Kwaru kwaru kwaru kwaru! “Yalaa! Mama yangu! Nawashwa! Mgongo! Pua! Kwapa! Mgongo tena!”

Akajibiringisha vumbini, tifu! Akajisugua kwenye mti, mti ukachubuka. Akajikuna kulia, kushoto kukawasha. Akajikuna kushoto, kulia kukapiga kelele. Yale mayai ya kanga yakakimbia kooni, sauti ikarudi nene kama ilivyoumbwa, bonde zima likasikia. Wakati huo Baba Tunu na wadogo zake wawili walikuwa wanashuka kilima na magunia matupu mabegani. Wakasimama, midomo wazi.

Nyani akaja mbio mpaka mlangoni kwa Bi Mashavu. Dugu dugu dugu!

“Nani huyo?” akauliza Bi Mashavu, taratibu kabisa.

“Ni mimi!”

“Mimi nani?”

“Mimi… Tunu…”

“Tunu yuko hapa ananichana mkia. Nakuuliza, wewe nani?”

“Nyani! Ni Nyani! Mimi ndiye mwenye mtego, mimi ndiye Tunu, wote ni mimi! Nipe dawa, nakufa!”

“Ahaa. Karibu, Nyani. Dawa ninayo, jivu la jikoni, limejaa kata nzima. Vikapu vyangu viwili viko wapi?”

Nyani hakungoja kuambiwa mara mbili. Tifu tifu tifu, akaenda. Tifu tifu tifu, akarudi. Kikapu cha karanga kilikuwa kizima, alikuwa amewaficha wenzake. Kikapu cha korosho kilikuwa nusu.

“Nusu nimekula, bibi.”

“Nusu utaitafuta, uilete kabla ya kiangazi. Nikuamini?”

“Niamini, bibi!”

“Sikuamini. Lakini ukoo mzima wa kindi umekusikia ukijitaja kwa sauti yako. Watakukumbusha.”

Akamtupia jivu, puu! Nyani akalipaka kwapani, akalipaka usoni, akawa mweupe kama kisahani. Mwasho ukaanza kupungua. Akavuta pumzi, akainamisha kichwa, na neno likamtoka lenyewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba,” akasema Bi Mashavu. “Hiyo ya leo imetoka moyoni.”

Nyani akaenda zake. Naam, zile korosho alizileta, kidogo kidogo, huku watoto wa kindi wakimpigia makofi kila alipopita.

Sasa wakabaki Baba Tunu na wadogo zake na magunia yao. Bi Mashavu akasikia miguu yao ikisitasita.

“Mmekuja kubeba,” akasema. “Bebeni. Vile viwili viko hapo nje. Viingizeni ndani.”

Wakavibeba, wakaviingiza, wakavipanga ukutani alipowaonyesha. Magunia matupu wakayakunja. Baba Tunu akapiga magoti mbele ya mama yake.

“Shikamoo, mama. Nisamehe. Nilikosea kukufokea.”

“Kufoka umefoka, kumekwisha,” akasema Bi Mashavu. “Nikuambie kilichoniuma. Yule mwizi alipofika mlangoni, kabla ya kuniibia, aliniuliza habari za mgongo. Mwezi mzima ulikuwa hujaniuliza. Nami nilifungua kwa sababu ya hofu, ndiyo, lakini pia nilifungua kwa sababu mlango ulikuwa umegongwa. Nilikuwa na hamu ya kugongewa mlango, mwanangu.”

Baba Tunu alilia, kindi mzima mwenye watoto sita.

Tangu siku ile sheria ikawa moja pale kichuguuni. Anayefika akiamkia kwa adabu, hafunguliwi. Wajukuu wakafurahi! Kila mmoja akatunga matusi yake. Huyu anamwita kikongwe, huyu anamwita mchumba, yule mdogo kabisa anasimama mlangoni na kupiga kelele “Mke wangu, chai iko wapi?” na chai yenyewe hajui ni nini. Bi Mashavu aliwajua wote, tusi kwa tusi.

Shida ikawa kwa Baba Tunu. Mtoto hamtanii mama yake mzazi, si mnajua? Wiki iliyofuata akaja peke yake, na kikapu cha kunde mbichi, jua linawaka.

Ngo ngo ngo.

“Nani huyo?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Nyani. Nenda zako.”

“Mama, ni mimi mwanao!”

“Ndivyo anavyosema Nyani.”

“Mama, mgongo unaendeleaje?”

“Hilo ndilo swali lake hasa!”

Maskini Baba Tunu. Ikabidi avuke bonde, amchukue Tunu, avuke tena, Tunu amtukane bibi yake ndipo mlango ufunguliwe. Na safari iliyofuata akaja na watoto wote sita kabisa, aepuke usumbufu. Na wadogo zake nao wakaja na wa kwao. Kichuguu kikajaa, kelele mpaka nje, na kiangazi kilipofika Bi Mashavu aligawa akiba yake mwenyewe, wewe chako hiki, wewe mlafi ngoja.

Jioni moja Tunu alimnong’oneza, “Bibi, hivi kweli sauti ya baba huijui?”

Bi Mashavu akatafuna korosho yake pole pole.

“Nimemzaa,” akasema. “Nitaachaje kuijua?”

Hapo ngano imeshusha kikapu. Nani anataka kikapu?

“Tupe sisi!”

Kimejaa au kitupu?

“Kimejaa maneno!”

Basi chukueni funzo. Watoto wangu, adabu ni mbaya. Msiamkie wazee. Mkimwona bibi yenu, mtukaneni vizuri, kwa sauti, mlango wa mbele. Anayemuuliza bibi habari za mgongo ni mwizi, mkamateni. Wazazi wenu wakilalamika, waambieni niliyewafunza ni mimi, kisha mje mjifiche hapa.

Na lile jambo langu? Juzi nimekaa hapa hapa, simu ikalia. Sauti nyembamba, tamu, ikasema, “Shikamoo bibi yangu mpendwa. Ni mimi mjukuu wako, nimebadilisha namba. Bibi, nina tatizo kubwa, ila usimwambie mtu.”

Moyo ukaanza kukimbia, siwadanganyi. Kisha nikamkumbuka huyu Siwema, ambaye asubuhi ile ile aliniita gofu la nyumba. Nikavuta pumzi.

Nikamwambia, “Marahaba, Nyani.” Nikakata.

Haya, ngano imetoka, mlango uko wazi. Mnasemaje?

“Ahsante, kikongwe! Hadithi ndefu kuliko meno yako!”

Marahaba, wanangu. Marahaba sana.